VUMBI LISILOONEKANA
Somo la mwezi huu: Kazi ya kupuliza mchanga na mapafu ya vijana wetu



Mama mmoja alitufuata baada ya Misa ya kwanza, akaomba tukae naye kidogo chini ya mwembe. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 26, amekwisha kumeza dawa za kifua kikuu mara mbili na kuzimaliza zote. Hata hivyo hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Mwaka huu alipelekwa hospitali ya rufaa. Huko daktari alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Kijana akajibu kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akipuliza mchanga kwenye matangi ya mafuta ili kuondoa kutu. Daktari akaichukua picha ya eksirei na kuitazama upya.

"Mwenzenu nina shida nyingine," mama aliendelea. "Mdogo wake naye ameitwa kazi hiyo hiyo. Pesa yake inashinda ya kibarua wa kawaida. Je, nimruhusu aende?"

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Vijana wetu wengi wanatafuta kazi mijini, kwenye karakana, bandarini na kwenye viwanja vya kutengenezea matrela. Kwa hiyo tumeona mwezi huu tuijue kazi hii, tujue hatari yake, kisha tumjibu mama yetu.

KAZI HII NI IPI?

Chuma kilicholiwa na kutu hakishiki rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu, baada ya muda mfupi itabanduka. Fundi anaweza kusugua kwa brashi ya waya au kwa msasa, lakini tangi moja kubwa litamchukua siku nyingi. Mashine ya kupuliza mchanga, ambayo wengi wamezoea kuiita sandiblasti, hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Ina sehemu nne. Ya kwanza ni kompresa inayosukuma hewa. Ya pili ni tangi la chuma linalowekwa mchanga au chembe nyingine ngumu. Ya tatu ni mpira mnene unaopitisha hewa na mchanga kwa pamoja. Ya nne ni mdomo mwembamba wa chuma kigumu, ambao fundi huushika na kuuelekeza kwenye kitu anachosafisha. Hewa hiyo husukumwa kwa nguvu inayofikia karibu mara tatu ya ile iliyo ndani ya tairi la gari dogo. Mchanga ukitoka hapo hupiga chuma kama mvua ya changarawe; kutu, rangi ya zamani na uchafu wote huruka.

Ufundi huu si mpya. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipewa hakimiliki ya uvumbuzi huo mwaka 1870. Leo hutumika kusafisha meli, madaraja, mabomba na matangi, kuchora maua kwenye vioo vya milango na maandishi kwenye mawe ya makaburi, na hata kufifisha nguo za jinzi.

HATARI IKO WAPI?

Mchanga wa mtoni na wa pwani kwa kawaida una madini yaitwayo silika. Ukiushika mkononi haukudhuru. Watoto huuchezea, nasi tunaujengea nyumba. Punje zake ni kubwa, na zikiingia puani hunaswa na vinyweleo na makamasi, tukazipiga chafya zikatoka.

Lakini punje ikirushwa kwa nguvu ile na kugonga chuma, hupasuka vipande vingi vidogo mno. Vingine huwa vyembamba kuliko sehemu ya mia moja ya milimita moja. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hivyo mara nyingi. Vipande vya namna hiyo havionekani kwa macho, havina harufu, wala haviwashi koo. Huelea hewani kwa muda mrefu hata baada ya vumbi kubwa kutua chini. Fundi akiona kumetulia, huvua kitambaa chake na kukaa kula chakula, na hapo ndipo anapovivuta bila kujua.

Vikiingia, havikomei kooni. Hufika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambamo damu hupokea hewa safi. Mwili una chembe zake za ulinzi ambazo humeza uchafu uliofika huko. Chembe hizo huimeza silika, lakini haziwezi kuimeng'enya. Zenyewe hufa, na silika hubaki pale pale ikingojea kumezwa na nyingine. Katika vita hiyo isiyokwisha mapafu hujeruhiwa na kuota makovu. Sote tunajua kovu la ngozi lilivyo gumu, halivutiki kama ngozi nzima. Mapafu yakijaa makovu nayo hayatanuki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo sana. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zinataka hewa ya kazini isizidi maikrogramu 50 za vumbi la silika katika kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Tukikadiria hewa anayovuta mfanyakazi kwa siku nzima ya kazi, silika yote inayoruhusiwa haizidi uzito wa punje moja ya sukari. Sasa fikirini kijana anayefanya kazi ndani ya wingu la vumbi tangu asubuhi hadi jioni.

Ndiyo maana ugonjwa huu hauwapati wote kwa mwendo mmoja. Aliyevuta vumbi kidogo kidogo huweza kuugua baada ya miaka 10 au zaidi. Aliyevuta kwa wingi huugua kati ya miaka 5 na 10. Na aliyevuta kwa wingi kupita kiasi, kama wanaopuliza mchanga bila kinga, huweza kuugua hata kabla ya miaka 5, pengine katika miezi tu. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu akisha kuacha kazi, silika iliyomo haitoki, na makovu yanaweza kuendelea kuongezeka. Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Aidha, mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya namna hii katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu.

WENGINE WALIJIFUNZA KWA MACHOZI

Uingereza iliona wafanyakazi wa viwanda vya kusubu vyuma wakiugua, na kwa kanuni za mwaka 1949 ikakataza kutumia mchanga wa silika kusafishia vyuma hivyo kwa kupuliza. Mwaka 1974 taasisi ya utafiti wa afya ya kazini ya Marekani nayo ilishauri mchanga huo uachwe katika kazi ya kupuliza.

Habari ya Uturuki ni ya karibu zaidi na inatuhusu. Huko vijana wengi kutoka vijiji vya mashariki walikwenda Istanbul na kupata kazi katika vyumba vidogo vya kufifisha jinzi. Walirusha mchanga kwenye magoti na mapaja ya suruali ili zionekane zimechakaa. Vyumba vilikuwa vimefungwa, na kinga ilikuwa duni au haikuwapo kabisa. Kuanzia mwaka 2005 madaktari waliandika habari za vijana hao, ambao wengine walianza kazi wakiwa na miaka 13 au 14, wenye silikosisi kali. Katika kijiji cha Taşlıçay, mkoa wa Bingöl, waliougua walikuwa wengi, kwa sababu kijana mmoja alipopata kazi aliwaita ndugu na jirani zake. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo.

Baadhi ya jinzi za namna hiyo zimefika hata kwenye mitumba yetu. Kuzivaa hakumdhuru mtu. Aliyedhurika ni yule aliyezififisha. Tuliangalie vizuri jambo moja katika habari hii: kazi ilipita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, kama ilivyo kwa mama yetu.

DALILI ZAKE, NA KWA NINI HUCHANGANYWA NA KIFUA KIKUU

Mwanzoni hakuna dalili yoyote. Baadaye huja kikohozi kisichokwisha, kuishiwa pumzi mtu anapopanda mlima au kubeba mzigo, kuchoka upesi, maumivu ya kifua na kukonda. Msomaji ataona mara moja kwamba dalili hizi zinafanana na za kifua kikuu. Hata picha ya eksirei ya magonjwa haya mawili huweza kufanana.

Magonjwa haya pia huandamana. Mapafu yenye silika hushindwa kupigana na vijidudu vya kifua kikuu, hivyo mwenye silikosisi huambukizwa na kuugua kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Hapa kwetu jambo hili linajulikana kwa wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, ambao wengi wao wametibiwa katika Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro.

Kwa hiyo tusikosee kwa upande wowote. Silikosisi haiambukizi, mgonjwa asitengwe sahani wala kitanda. Kifua kikuu huambukiza, nacho hutibika. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, na akikutwa na kifua kikuu ameze dawa zote hadi mwisho. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa za kifua kikuu ni bila malipo. Lakini mgonjwa akimaliza dawa na pumzi bado ni fupi, au makohozi hayaonyeshi vijidudu na picha ni mbaya, aseme wazi: "Daktari, nimefanya kazi ya vumbi." Ataje ni vumbi la nini, mahali gani, na kwa miaka mingapi. Asingoje kuulizwa.

MANENO YASIYO YA KWELI

Karakana nyingi zina maneno ambayo mafundi hurithishana. Tuyapime.

1. "Nakunywa maziwa, yanasafisha kifua." Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Njia ya chakula na njia ya hewa ni mbili tofauti. Hakuna kinywaji kinachofika kwenye mapafu na kuosha vumbi.

2. "Najifunga kitambaa." Kitambaa, fulana au kanga huzuia vumbi kubwa tu. Vumbi linaloua hupita kwenye nyuzi zake. Hata barakoa ya hospitali haikutengenezwa kwa kazi hii.

3. "Tunafanyia nje, upepo unachukua." Upepo huchukua kiasi, na kuwapelekea wengine. Fundi mwenyewe yuko katikati ya wingu.

4. "Mimi sishiki mpira, nazoa mchanga tu." Anayejaza tangi, anayefagia na anayechekecha mchanga ili utumike tena wote wanavuta vumbi lile lile. Mchanga uliokwisha kutumika ni mbaya zaidi, kwa kuwa umepasuka tayari. Hata mama lishe aliyetandika meza yake ukutani mwa karakana yumo hatarini.

5. "Mzee fulani amefanya miaka mingi na ni mzima." Tumwulize mzee huyo wenzake walioanza naye wako wapi.

KAZI IKIFANYWA IPASAVYO

Hatusemi mashine hizi zivunjwe. Meli na madaraja lazima yasafishwe. Ila iko njia ya kufanya kazi hii bila kuua watu.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni kuacha mchanga. Zipo chembe za chuma zinazotumika tena na tena, yapo mawe magumu yaitwayo ganeti, na ziko chembe za kioo kilichosagwa. Bei yake ni kubwa kuliko ya mchanga wa kuzoa mtoni, na hapo ndipo wenye karakana wengi hukwama. Lakini chembe za chuma hukusanywa na kurudishwa kazini mara nyingi, hivyo hasara si kubwa kama inavyodhaniwa. Mabaki ya kuyeyushia shaba nayo hutumika. Yana silika kidogo, lakini yanaweza kuwa na sumu nyingine, kwa hiyo kinga bado inahitajika.

Pili ni kulifungia vumbi. Vitu vidogo visafishwe ndani ya sanduku maalumu lenye kioo cha kutazamia na glavu zilizoshikizwa humo humo. Vikubwa vifanyiwe katika chumba chenye feni za kuvuta vumbi na kulichuja. Kuchanganya maji hupunguza vumbi, ila tope likikauka hugeuka vumbi tena. Lizolewe lingali bichi.

Tatu ni kofia. Anayeshika mpira avae kofia maalumu inayofunika kichwa chote hadi mabegani, inayoletewa hewa safi kwa mpira wake. Hewa hiyo ivutwe mahali safi, mbali na moshi wa injini ya kompresa, kwa maana moshi huo una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu ambayo huweza kumlaza mtu asiamke.

Nne, mashine iwe na kishikio kinachojizima chenyewe mara mkono unapokiachia. Mpira uliomponyoka mtu ukiwa na nguvu ile hujirusha kama nyoka, na mchanga wake huchana ngozi na kupofusha macho. Maungio yote ya mpira yafungwe kwa waya wa usalama.

Tano, masikio yazibwe. Kelele za kazi hii hupita desibeli 100, na usikivu ukipotea kwa sababu hiyo haurudi.

NYUMBANI

Vumbi hupanda daladala pamoja na kijana na kuingia naye ndani. Nguo za kazi zibaki kazini. Mfanyakazi aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi. Ikiwa haiwezekani, nguo zivuliwe nje, zilowekwe kwenye maji kabla ya kufuliwa, wala zisikung'utwe. Zisichanganywe na za watoto. Asijipulizie hewa ya kompresa kuondoa vumbi mwilini, kwani huligeuza wingu, na hewa ya nguvu ile huweza kujeruhi ngozi na macho.

Rangi za zamani za meli na madaraja mara nyingi zina madini ya risasi. Vumbi lake likimfikia mtoto mdogo hudhuru ubongo wake hata kwa kiasi kidogo. Baba asimpakate mtoto kabla ya kuoga.

Na mwenye kuvuta sigara aache. Mapafu yenye silika hayana nafasi ya kubeba na moshi.

HAKI ZA MFANYAKAZI

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na inataka afya ya wafanyakazi ipimwe. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na malalamiko hupelekwa huko. Kwa upande wa Tanzania Bara upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao hulipa fidia kwa aliyeugua kutokana na kazi yake.

Shida ya vijana wetu ni kwamba wengi ni vibarua wasio na karatasi yoyote. Tunawashauri wawe na daftari. Waandike tarehe waliyoanza kazi, mahali, jina la aliyewaajiri, majina ya wenzao, na tarehe ya kuacha. Picha ya eksirei waitunze nyumbani, isitupwe. Daftari la shilingi chache linaweza kuwa ndilo shahidi pekee siku ya haja.

TUMJIBU MAMA YETU

Mama, kijana wako asikubali kwa sababu ya mshahara peke yake. Aende kwanza, asimame langoni, aulize maswali manne: Mnapuliza kwa mchanga, au kwa kitu kingine? Kofia ya kuletewa hewa ipo, na kila fundi ana yake? Nitapigwa picha ya kifua kabla ya kuanza? Mahali pa kuoga pako wapi? Akionyeshwa vitu hivyo kwa macho yake, kazi hiyo ni kazi kama nyingine. Akiambiwa "utajifunga kitambaa, na maziwa tutakununulia," arudi nyumbani. Afadhali arudi na njaa ya leo kuliko kurudi baada ya miaka mitatu akiwa kama kaka yake.

Na huyo kaka, asikate tamaa. Asirudi kwenye vumbi la aina yoyote, ahudhurie kliniki, na kila homa au kikohozi kipya kikimpata apimwe kifua kikuu mapema. Atafutiwe kazi ya kukaa ambayo mapafu yake yanaiweza. Ndoo ya maji wabebe wengine.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani wanafanya kazi ya vumbi: kupuliza mchanga, kupasua kokoto, kuchimba madini, kukata marumaru? Je, wamewahi kupimwa kifua?

2. Yuko mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado haponi? Je, daktari wake anajua kazi aliyoifanya?

3. Tukijua karakana inayowapa vijana kitambaa badala ya kofia, ni nani kati yetu atakwenda kuzungumza na mwenye karakana, na lini?